Klabu ya Ugiriki inaniita, goti na mkopo wa SACCO vinanishika mguu

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Nina miaka 27 na ninacheza voliboli, mshambulizi wa kushoto, katika timu ya wanawake ya taasisi moja ya umma hapa Nairobi. Jina la timu nimelificha makusudi. Sisi ni wachache, na nikitaja timu nimejitaja mwenyewe.

Taasisi iliniajiri 2019 kwa sababu ya mpira. Kwenye karatasi mimi ni karani wa masjala, kazi ya kudumu yenye pensheni. Ukweli ni kwamba ofisini hufika siku mbili kwa wiki, katikati ya mazoezi ya asubuhi na ya jioni, na ligi ikipamba moto sifiki kabisa. Mshahara baada ya kodi na makato ya lazima ni kama shilingi 46,000. Humo SACCO hukata 9,500 kabla sijaziona, mkopo niliomjengea mama nyumba kule Nandi. Limebaki deni la shilingi 210,000. Wadhamini wangu ni wachezaji wenzangu watatu.

Nimeitwa kambi ya Malkia Strikers, timu ya taifa ya wanawake, mara mbili, na mara zote mbili orodha ya mwisho ilipotangazwa sikuwemo. Lakini kule kambini wakala mmoja aliniona akachukua namba yangu. Mwezi wa sita akanitumia mkataba wa klabu moja ndogo ya Ugiriki iliyopanda daraja msimu uliopita. Kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 30 Aprili, malipo manane ya euro 1,200, tiketi ya kwenda na kurudi, nyumba ya kukaa na mchezaji mwenzangu. Chakula juu yangu. Sharon Chepchumba wa timu ya taifa amewahi kucheza Ugiriki, kwa hivyo najua si ndoto tu.

Mkataba ni kurasa nne za Kiingereza, umekuja kwa WhatsApp. Kipengele kimoja kinasema utaanza kufanya kazi baada ya mimi kupimwa na daktari wa klabu. Kingine kinasema klabu inaweza kuuvunja ndani ya siku 30 za kwanza ikiwa kiwango changu "hakiridhishi". Wakala anasema kuna nakala ya Kigiriki nitakayotia sahihi nikifika. Ananidai euro 400 za kufungua faili la ITC, cheti cha uhamisho wa kimataifa, na anashauri nisafiri kwa viza ya utalii kwa sababu ni ya haraka, mambo mengine yatapangwa huko huko.

Sasa shida zangu. Goti la kushoto linaniuma chini ya pia yake tangu mwaka jana. Linauma nikianza mazoezi, likipata joto linatulia, usiku linarudi na hasira zake, na kushuka ngazi asubuhi ni kazi. Siku ya mechi nameza diclofenac ya kutuliza maumivu. Kocha hajui, wakala hajui. Rafiki yangu ananiambia nipigwe sindano ya goti wiki moja kabla ya safari ili nipite vipimo.

Kazini sijaomba ruhusa rasmi. Nilimdokezea kocha, akanijibu, "Ukienda, usirudi hapa." Mama anasema kazi ya serikali haiachwi kwa sababu ya mpira. Wenzangu wanasema nikikataa, mlango kama huu haufunguki mara mbili, na kwa miaka 27 nawaamini. Wakala anataka sahihi kabla ya mwisho wa mwezi.

Niende au nibaki?

Mshambulizi wa Kushoto, Nairobi

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa nahesabu ni watu wangapi wametia neno katika jambo hili: kocha, mama, wakala, rafiki mwenye ushauri wa sindano, na timu nzima. Katika wote hao, waliokuandikia kitu ni Wagiriki peke yao. Kocha alikujibu kwa mdomo, wakala anaahidi kwa mdomo, na ofisi ya rasilimali watu haijakujibu kwa sababu hujaiuliza. Na goti lako, ambalo ndilo lenye mkataba hasa, halijapigwa hata picha moja.

Unauliza uende au ubaki. Swali hilo sitalijibu, na naomba usione nakukwepa. Kwa sasa halina jibu kwa sababu nusu ya mambo unayoyachukulia kuwa yanajulikana bado hayajulikani. Tuyafungue moja moja, na tuanze na goti, kwa sababu likikataa, mengine yote ni hadithi.

Ulivyoyaeleza maumivu yako, mtu yeyote aliyekaa karibu na voliboli ataitambua kano ya chini ya pia ya goti. Kuuma mwanzoni, kutulia kwa joto na kurudi usiku ndiyo tabia yake. Washambulizi huipata sana kwa sababu ya kuruka na kutua, na anayepiga kwa mkono wa kulia mara nyingi hutua mguu wa kushoto ukitangulia, mguu mmoja ukibeba mzigo wa miwili. Lakini mimi si daktari, na barua si kipimo. Nenda kwa daktari wa michezo, goti lipigwe picha ya mawimbi ya sauti, au MRI kama ataona haja. Hiyo ifanyike wiki hii, kabla ya sahihi yoyote.

Ikiwa ni kano kweli, habari njema ni kwamba hutibika kwa mazoezi ya uzito, na habari mbaya ni kwamba haina haraka. Mpango wa kawaida huchukua kama wiki 12. Mwanzoni ni kushikilia bila kusogea: unaketi kwenye mashine ya kunyoosha goti, unainua uzito, unashikilia sekunde 45, mara tano, na mapumziko ya dakika mbili katikati. Hii hupunguza maumivu. Baadaye zinafuata skwati nzito za polepole, yaani kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na uzito, sekunde tatu kushuka na tatu kupanda, siku tatu kwa wiki, uzito ukiongezwa kidogo kidogo, na miruko inarudishwa mwishoni kabisa. Kipimo cha kila siku ni hiki: maumivu ya hadi 3 kati ya 10 wakati wa zoezi si neno, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi palipokuwa. Yakizidi kesho yake, jana ulipitiliza. Na katika wiki hizo miruko ihesabiwe, kwa kalamu. Wachezaji wengi huharibu tiba kwa sababu wanafanya mazoezi ya goti saa nne asubuhi, kisha jioni wanaruka mara 90 kwenye sakafu ya saruji.

Ukihesabu kutoka leo hadi Septemba, wiki 12 huna. Hilo halikuzuii kwenda, ila linabadilisha unachokwenda nacho.

Sasa ile sindano. Naomba tuiweke kando kabisa. Sindano ya kotikosteroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, ikichomwa karibu na kano huzima maumivu kwa muda na inaweza kuidhoofisha kano yenyewe. Watu wamekatikiwa na kano kwa sababu waliacha kuhisi. Halafu kuna jambo ambalo huenda rafiki yako halijui: tangu tarehe 1 Januari 2022, sheria za kupambana na dawa haramu zinapiga marufuku kotikosteroidi kwa njia zote za sindano wakati wa mashindano, isipokuwa uwe na kibali cha matibabu. Mabaki yake hukaa mwilini siku kadhaa au wiki kadhaa, kutegemea dawa na ilivyochomwa. Ukipimwa kwenye mechi ya kwanza ukakutwa nayo, kusema "nilichomwa Nairobi" hakukutoi. Ofisi ya ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na dawa haramu michezoni, ipo, iulize kabla ya kuingiza chochote mwilini. Na diclofenac, ingawa haijakatazwa, kuimeza kila mechi mwaka mzima ni kuuliza tumbo na figo maswali ambayo hutapenda majibu yake. Usiinywe kabisa ukiwa na njaa.

Unaona kwa nini nimeanza huku? Soma tena vile vipengele viwili ulivyoninukulia. Mkataba haufanyi kazi hadi daktari wa klabu akupitishe, na hata akikupitisha, klabu ina siku 30 za kukurudisha. Maana yake, kuanzia siku unayoiacha kazi Nairobi hadi katikati ya Oktoba, hatari yote iko mabegani mwako. Goti likigundulika, unarudi na tiketi. Likifichika kisha likavimba wiki ya tatu, "kiwango hakiridhishi". Ukilificha goti, unawapa sababu ya kuvunja mkataba. Ukilitaja mapema, na ripoti ya daktari mkononi, unaweza kuomba mambo mawili: vipimo vifanyike Nairobi au ripoti ikubaliwe kabla hujapanda ndege, na kile kipengele cha siku 30 kifutwe au kipungue hadi siku 10. Kuna klabu itakayosema basi, hatukutaki. Hilo linaumiza, lakini linaumiza ukiwa bado na kazi. Na kuna klabu itakayosema, sawa, tuna mtaalamu wa viungo, njoo. Hiyo ya pili itakuwa imekuajiri wewe pamoja na goti lako.

Nijuavyo mimi, swali la kiwango nalo halipimwi kama unavyodhani. Mchezaji wa kigeni katika timu ndogo huletwa apige mipira migumu, ile inayofika imepotoka wakati libero, mlinzi wa nyuma, ameanguka na seta, mpangaji wa mipira, anakimbia. Na huko kila mguso huandikwa. Timu nyingi za Ulaya hutumia programu ya Data Volley: pasi ya kwanza iliyomfikia seta kamili hupewa alama ya #, nzuri hupewa +, mbovu hupewa -, na iliyopotea hupewa =. Ushambulizi nao una hesabu yake: pointi ulizopata, toa ulizokosea, toa ulizozuiwa na bloku, gawanya kwa idadi ya mipira uliyopigiwa. Ukipigiwa 40, ukapata 16, ukakosea 5 na kuzuiwa 3, umebaki na 8 kati ya 40, asilimia 20. Mtu wa jukwaani ameona pointi 16 akashangilia. Kocha ameona 20. Na wewe kama mshambulizi wa kushoto utalengwa na sevu zinazoelea seti nzima, kwa sababu kila timu hutaka kumchosha mgeni kwa mapokezi kabla hajapiga.

Kwa hiyo keti na video za mechi zako tano za mwisho, mechi kamili, ujihesabie kwa kalamu. Hesabu mapokezi kwanza. Fanya hivyo hata ukiamua kubaki, kwa sababu huenda ndilo jibu la kwa nini orodha ya mwisho ya Malkia imekupita mara mbili. Sijui kama ndilo. Kocha wa timu ya taifa anajua, na kumwuliza ni bure.

Tuje kwa wakala. Sitamwita tapeli kwa sababu simjui, na huenda klabu ipo na nafasi ipo. Lakini mambo mawili aliyokuambia hayakai sawa. ITC, cheti cha uhamisho wa kimataifa, haina faili ambalo wakala hulifungua. Klabu inayokuchukua ndiyo huanzisha ombi katika mfumo wa mtandaoni wa FIVB, shirikisho la voliboli la dunia, pamoja na shirikisho la nchi yake, shirikisho la Kenya linaidhinisha, ada zinalipwa, na cheti kinatoka kikiwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa desturi gharama hizo ni za klabu. Bila cheti huchezi mechi rasmi hata moja, na kikiisha muda wake unarudi chini ya shirikisho lako. Basi piga simu Shirikisho la Voliboli Kenya, uliza maswali matatu: je, klabu hii imewahi kuomba ITC ya Mkenya, ni nini kinachohitajika kutoka kwa timu yako ya sasa, na je, wakala huyu yumo katika orodha ya mawakala waliosajiliwa na FIVB? Orodha hiyo haina siri. Kuhusu malipo yake, wakala wa kawaida hulipwa na klabu, au huchukua asilimia ya mshahara ukishaingia, mara nyingi karibu na 10. Anayedai kabla hujapata hata senti anafanya biashara nyingine.

Jambo la pili ni viza, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Viza ya utalii ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, inakuruhusu kukaa siku 90 ndani ya siku 180, wala haikupi haki ya kufanya kazi. Mkataba wako ni miezi saba na nusu. Hesabu: ukifika Septemba 15, katikati ya Desemba umekuwa mtu asiye na karatasi, msimu haujafika nusu. Klabu isipokulipa Januari, utamshtaki nani, na wewe mwenyewe unajificha? Bima ya matibabu inaweza kukataa kukulipia goti. Na ukikamatwa umepitisha muda, unaweza kufungiwa kuingia nchi zote za Schengen, na klabu nyingi za Ulaya zimo humo. Unachohitaji ni viza ya kitaifa ya muda mrefu, aina ya D, inayoombwa ubalozi wa Ugiriki hapa Nairobi kwa barua na mkataba wa klabu. Ndiyo, inachelewa. Klabu iliyozoea wageni hulijua hilo na huanza mapema.

Katika mkataba wenyewe kuna mambo ambayo hukunitajia, na sijui kama hayamo au uliyapita. Je, euro 1,200 ni mkononi baada ya kodi, au kabla? Je, tarehe za malipo zimeandikwa? Je, ukiumia uwanjani mshahara unaendelea, na nani hulipa upasuaji? Je, nakala ya Kigiriki na ya Kiingereza zikitofautiana, ipi inashinda? Usiisubiri hiyo ya Kigiriki hadi ufike. Iombe sasa, itafsiriwe na mtu asiyemjua wakala wako. Na omba kiongezwe kipengele kinachosema malipo yakichelewa zaidi ya siku 20 unaweza kuacha kucheza bila kuhesabiwa mkosaji, na yakifika siku 30 unaweza kuvunja mkataba ukidai salio lote na barua ya kukuachilia. FIVB ina chombo chake cha kusikiliza madai ya fedha ya mchezaji dhidi ya klabu ya nchi nyingine, lakini kinasoma karatasi, hakisikilizi jumbe za sauti za WhatsApp.

Pesa sasa. Malipo manane ya 1,200 ni euro 9,600. Kwa shilingi 150 kwa euro ni 1,440,000, na najua ulishaifanya hesabu hiyo usiku ukiwa kitandani. Igawanye kwa miezi 12, kwa sababu Mei hadi Agosti hakuna anayekulipa: 120,000 kwa mwezi. Toa asilimia 10 ya wakala ikiwa wewe ndiye utakayelipa, na chakula cha huko, tuseme euro 250 kwa mwezi: inabaki 83,000. Bado ni karibu mara mbili ya mshahara wako. Lakini klabu ndogo kuchelewesha malipo si ajabu, hasa timu ikishajua haishuki wala haipandi. Tuseme umelipwa mara tano kati ya nane, na chakula umekula miezi yote. Ukitoa vile vile, inabaki shilingi 42,500 kwa mwezi, chini ya 46,000 unazopata sasa. Haki ni haki: huku pia unakula na kulipa kodi ya nyumba, kwa hiyo hesabu hii imekuonea kidogo. Lakini haikuhesabu pensheni itakayosimama, wala haikuhesabu kwamba huku ukiumia mshahara huingia.

Malipo matatu yaliyokosa kuingia ndiyo tofauti kati ya kupanda na kushuka. Ndiyo maana nakuhimiza juu ya tarehe za malipo kuliko juu ya kiasi.

Kuhusu kazi, unaamini mambo mawili yanayopingana: kwamba ukiondoka umeipoteza, na kwamba ukibaki ni yako hadi kustaafu. Yote mawili sina hakika nayo. "Usirudi hapa" ya kocha ni ya kocha. Anakutazama kama mshambulizi atakayemkosa, hasa kwa kuwa miaka ya karibuni klabu bingwa Afrika imekuwa ikichezwa Aprili au Mei, wakati wewe uko Ugiriki au ndiyo kwanza unarudi. Hasira yake ina sababu, lakini barua ya ajira hakuiandika yeye. Andika ombi la likizo bila malipo kwa ofisi ya rasilimali watu, taja tarehe, ambatanisha mkataba, na ueleze utarudi lini. Wanaweza kukubali, kukataa, au kukupa miezi sita tu. Kuna hatari: barua hiyo ikishaingia, kila mtu atajua una mguu mmoja nje, na kama safari itavunjika utabaki chini ya kocha aliyenuna. Hatari hiyo ni ya kweli na ni wewe unayejua uzito wake. Ila usiondoke kimya. Kutoroka kazini kunaweza kukufukuzisha.

Na ukibaki je? Karani wa masjala anayefika siku mbili kwa wiki ana kazi, lakini ana ujuzi wa kazi hiyo? Siku goti litakaposema basi, uwe Nairobi au Ugiriki, utaketi kwenye kile kiti saa nane kwa siku pamoja na watu waliopanda vyeo wakati wewe ukiwa uwanjani. Kozi ya jioni ya utunzaji wa kumbukumbu, au cheti cha ukocha, vinafaa katika njia zote mbili.

Kuna njia ya katikati ambayo hukuitaja, labda kwa sababu haina ndege ndefu. Klabu za Rwanda kama APR na RRA zimekuwa zikichukua wageni, wakiwemo Wakenya. Kigali unaingia kwa kitambulisho, bila viza, na mama akiugua unarudi kwa basi. Mshahara haulingani na ndoto ya Ulaya, na kocha wako atanuna vile vile. Lakini msimu mmoja huko, goti likiwa limetibiwa na takwimu zako zikiwa zimeandikwa, huzaa video ambayo klabu ya Ulaya huiangalia kabla ya kutuma mkataba. Au unaweza kuwaambia hawa Wagiriki: mwaka huu natibu goti, mnaweza kunifikiria Januari dirisha likifunguliwa? Wanaweza wasikujibu. Kungoja kuna gharama yake, na sitajifanya haina.

Lakini miaka 27, mwanangu, si jioni. Mchezo wako umejaa wanawake waliocheza kiwango cha juu wakiwa wamepita 30, na wengine wakirudi baada ya kujifungua. Kinachozeesha mshambulizi haraka ni miruko mibaya. Anayekuharakisha kwa hesabu ya umri mwulize ana faida gani ukitia sahihi kabla ya mwisho wa mwezi.

Mama hakatai mpira, nadhani. Anaogopa kitu asichokiona. Kwake mshahara wa serikali ni karatasi yenye muhuri, na wewe unamwonyesha picha kwenye simu. Ukishapata majibu ya daktari, ya shirikisho na ya ofisi, yachapishe, nenda Nandi, umsomee kwa lugha ya nyumbani, pamoja na sehemu zinazokutisha wewe. Anaweza bado kusema hapana. Lakini atakuwa anakataa kitu alichokielewa.

Umebaki mkopo, na huu usiusahau hata kidogo, kwa sababu unawagusa watu wasiohusika na mkataba huu wa Ugiriki. Likizo bila malipo maana yake hakuna hati ya mshahara, na bila hati ya mshahara SACCO haina pa kukata. Miezi miwili mitatu ikipita, inawageukia wadhamini, na 9,500 zitaanza kuchunwa kwenye mishahara ya wachezaji wenzako watatu wakati wewe unapiga picha Ugiriki. Nenda SACCO kabla, uliza kama hisa na akiba yako vinaweza kufidia sehemu ya deni, na uweke agizo la benki la kulipa kila mwezi kutoka akaunti yenye angalau shilingi 28,500 ndani yake, za miezi mitatu, ili malipo ya kwanza ya klabu yakichelewa lisikwame. Kama fedha hizo huna sasa, hilo nalo ni jibu la aina yake kuhusu Septemba. Na wale watatu uwaambie mwenyewe, ana kwa ana, kabla hawajalisikia kwenye basi la timu.